Kutoka Kiti cha Kushoto Hadi Kiti cha Kulia: Nahodha wa Ghuba Aitazamapo Marekani

Katika aila nyingi za mwambao wetu, riziki ya ng'ambo ikitajwa, macho huelekea Ghuba. Dubai, Doha, Muscat na Abu Dhabi si miji ya kigeni kwetu. Ni miji ya wajomba na mashangazi, ya mizigo ya Idi na ya simu za kila Ijumaa. Miongoni mwa waliokwenda huko kutafuta, wamo wachache walioingia katika kazi ambayo wazee wao hawakuiwaza: kuongoza ndege kubwa za abiria. Vijana hao wa jana leo ni watu wazima. Wana mvi, wana mistari minne ya dhahabu mabegani, na katika baadhi ya nyumba zao limeingia swali zito: je, si wakati sasa wa kuiaga Ghuba na kuhamia mashirika ya ndege ya Marekani?

Swali hili halikuzuka hivi hivi. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozifunga anga za dunia, mashirika ya Marekani yaliwalipa maelfu ya marubani wao wa siku nyingi wastaafu mapema. Abiria walirudi upesi kuliko ilivyotarajiwa, na marubani hawakutosha. Ukaanza msimu wa kuajiri kwa pupa. Machi 2023 marubani wa Delta waliidhinisha mkataba uliowaongezea mshahara kwa zaidi ya asilimia 30 katika miaka minne, na United na American zikafuata njia hiyo hiyo kabla ya mwaka kwisha. Kwa upande wa pili, mwaka huo huo wa 2020 mashirika ya Ghuba yaliwaachisha kazi marubani kwa mamia. Na Ghuba, mgeni apotezaye kazi hupoteza pamoja nayo ukaazi, nyumba ya shirika na karo ya watoto, kwani vyote vimefungwa katika kamba moja.

Aliyeyaona hayo mawili kwa pamoja hana lawama akiitazama Marekani. Ila habari ya mshahara husafiri kwa kasi kuliko habari ya masharti yake, na masharti ndiyo tunayotaka kuyafungua hapa, kwa sababu uamuzi wa rubani haumhusu rubani peke yake.

Tumchukue nahodha wa mfano, asiye na jina, ili hesabu zetu zipate mahali pa kukaa. Ana miaka 47. Alizaliwa Mombasa, akaanza kazi nyumbani, kisha akaenda Ghuba ambako sasa anaongoza Boeing 777. Ana saa 12,000 za kuruka, na karibu nusu yake amezipata akiwa nahodha. Ana mke na watoto watatu, mkubwa wao ana miaka 17. Mama yake mzazi yuko Kibokoni, Mji wa Kale, wala hapendi hata kusikia Marekani ikitajwa.

Jambo la kwanza linalompasa kulijua ni kwamba mashirika makubwa ya Marekani hayaajiri manahodha kutoka nje. Huajiri marubani wasaidizi, basi. Unahodha hupatikana ndani kwa ndani. Mtu awe na saa 2,000 au 20,000, awe ametoka jeshini au ameongoza ndege za Ghuba kwa miaka kumi na mitano, akiingia huandikwa mwisho wa orodha moja ndefu na kupewa namba. Namba hiyo haikutokana na ustadi wala vyeti. Imetokana na tarehe aliyoanza kazi. Nayo ndiyo itakayoamua karibu kila kitu katika maisha yake: ataruka ndege ya aina gani, atapangiwa kituo gani, sikukuu atalala kwake au hotelini, likizo yake itaangukia Julai watoto wakiwa nyumbani au Februari wakiwa shuleni, ni lini ataketi kiti cha kushoto ambacho ndicho cha nahodha, na shirika likiyumba, nani atatolewa kwanza. Wazee wetu walisema kutangulia si kufika. Katika orodha hii, kutangulia ndiko kufika kwenyewe.

(Yapo mashirika ambayo, marubani kadhaa wakianza siku moja, hupangwa kwa umri, mkubwa akawekwa juu. Hapo ndipo pekee mvi za nahodha wetu zitakapomfaa, tena zitamfaa kwa namba chache tu.)

Msomaji atauliza: utaratibu gani huu, wa kumweka mtu mwenye saa 12,000 chini ya kijana mwenye saa 3,000 kwa sababu kijana alitangulia mwezi mmoja? Ni utaratibu uliojengwa na vyama vya marubani, ambavyo kikubwa chao kiliundwa mwaka 1931, chini ya sheria ya kazi iliyotungwa kwa ajili ya reli mwaka 1926 na kupanuliwa hadi mashirika ya ndege mwaka 1936. Hoja yake ni nyepesi kuieleza. Nahodha anapaswa kuweza kumwambia bosi wake, "Ndege hii siirushi leo, hali ya hewa haifai," au "Nimechoka, si salama," bila ya kuogopa kwamba mwakani atanyimwa cheo. Cheo kikifuata tarehe, hakuna wa kumbembeleza wala wa kumwogopa. Sisi tunaotoka mahali ambapo cheo mara nyingi hufuata kujuana, naona tusiwe wepesi wa kuidharau hoja hiyo.

Aibu ya utaratibu huu ni nyingine: namba haihamishiki. Eastern ilipofunga milango Januari 1991 na Pan Am ikafuata Desemba ya mwaka huo huo, manahodha waliotumikia mashirika hayo kwa miongo walijikuta wakibisha hodi kwingine kama wanafunzi. Na mashirika yanapoungana, vita vya kuziunganisha orodha mbili huwa vikali kuliko vita vya mishahara. US Airways na America West ziliungana mwaka 2005. Uamuzi wa msuluhishi kuhusu orodha ya marubani ulitoka mwaka 2007, na upande mmoja ukaukataa, kesi zikaendelea mahakamani kwa miaka. Kwa hiyo nahodha wetu asidhani kwamba Mmarekani ameutunga utaratibu huu ili amdhalilishe mgeni. Nahodha wa Delta akitaka kuhamia United leo, naye ataanza mwisho.

Yako mashirika madogo ya mikoani, yanayoruka kwa niaba ya makubwa, na mtu aweza kufikiri kwamba huko angalau atapokewa akiwa nahodha. Hapo hukutana na ukuta ambao haukujengwa na shirika bali na sheria. Ili mtu awe nahodha katika shirika la abiria la Marekani, lazima kwanza awe na saa 1,000 za kuruka katika aina za kazi zilizotajwa na kanuni za Marekani, na kwa wengi hizo ni saa za rubani msaidizi katika mashirika ya huko huko. Saa alizoongoza 777 kutoka Dubai hadi Sydney hazimo katika hesabu hiyo. Nahodha wa miaka mingi atarudi kiti cha kulia, atavaa mistari mitatu, atamsomea orodha ya ukaguzi nahodha ambaye huenda ana miaka 33, na atafanya hivyo mpaka saa 1,000 zitimie. Kwa anayeruka saa 75 kwa mwezi, hiyo ni miezi 13 au 14. Kwa anayewekwa akiba, yaani kukaa tayari akisubiri kuitwa pindi mwenzake augue, huenda ikawa miaka miwili.

Kanuni hiyo ilizaliwa na msiba. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na mji wa Buffalo katika jimbo la New York, wakafa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake chini. Familia za waliofariki hazikuliacha Bunge lipumzike. Mwaka 2010 sheria ikapitishwa, na mwaka 2013 kanuni zikaanza kutumika: kila rubani wa shirika la ndege, hata msaidizi, awe na leseni ya daraja la juu kabisa, ambayo kwa kawaida huhitaji saa 1,500. Marubani wawili wa ndege ile, kila mmoja wao, tayari alikuwa amevuka saa 1,500. Jambo hilo bado hubishaniwa, nasi hatutalimaliza hapa. Linalotuhusu ni kwamba mlango uliofungwa kwa sababu ya vijana wenye saa chache umemfungia pia mzee mwenye saa nyingi.

Leseni yenyewe si kikwazo kikubwa. Marekani haibadilishi leseni ya juu ya rubani wa kigeni kwa kupiga mhuri tu. Nahodha wetu atahudhuria kozi ya saa 30 darasani na saa 10 katika simuleta, atafanya mtihani wa kuandika, kisha mtihani wa kuruka. Atapimwa afya na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga ya Marekani, na kwa kuwa si raia, atachunguzwa na idara ya usalama wa usafiri kabla ya kupewa mafunzo. Mtu aliyezoea kupimwa kila miezi sita katika simuleta hatatetemeka kwa hayo. Ni mambo ya miezi.

Jambo la miaka ni ruhusa ya kuishi na kufanya kazi. Mashirika makubwa humtaka mwombaji aje tayari akiwa na haki hiyo mkononi, hayamwombei. Raia wa Australia wanayo aina yao ya visa ya kazi, na shirika moja la mikoani limewahi kuitumia kuwaleta. Mkenya hana mlango kama huo. Aliye na mke au mzazi Mmarekani ana njia yake. Wengine katika miaka hii wamejaribu kuomba ukaazi wa kudumu, ile iitwayo kadi ya kijani, kwa hoja kwamba ujuzi wao una maslahi kwa taifa la Marekani. Wapo waliokubaliwa, wapo waliokataliwa, na hata aliyekubaliwa hupanga foleni ya visa, kwa kuwa kila mwaka idadi huwa na kikomo. Mawakili hutoza maelfu ya dola kwa ombi moja, wala hakuna wakili mkweli atakayekuahidi tarehe. Na siasa za uhamiaji za nchi ile hubadilika kama pepo za kusi na kaskazi, isipokuwa pepo zetu zina msimu unaojulikana.

Hapa ndipo mtoto wa miaka 17 anapoingia katika hesabu, na laiti kila mzazi angeanzia hapa. Katika ombi la mzazi, mtoto anayehesabiwa ni yule asiyeoa wala kuolewa na aliye chini ya miaka 21. Sheria inampunguzia baadhi ya muda wa kungoja, lakini si wote. Nahodha akianza leo na foleni ikachukua miaka mitano, huenda akaingia Marekani na mke na watoto wawili, mkubwa akabaki nje peke yake, hana ukaazi Marekani wala hana tena ukaazi Ghuba kwa jina la baba. Familia iliyohamia kwa ajili ya watoto ikajikuta imemwacha mmoja wao. Watu wengi hujadili ndege na mshahara usiku kucha, na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto haitajwi hata mara moja.

Sasa turudi kwenye umri wa baba. Sheria ya Marekani humzuia rubani wa shirika la ndege kuruka akishatimiza miaka 65. Zamani kikomo kilikuwa 60. Kilipandishwa Desemba 2007. Waliokuwa juu ya orodha wakakaa miaka mitano zaidi, waliokuwa chini wakakwama pale pale, na mwaka uliofuata uchumi ukaanguka. Mwaka 2023 wabunge wa Marekani walijadili kukipandisha tena hadi 67, lakini sheria ya usafiri wa anga iliyotiwa saini Mei 2024 ilipita bila ya badiliko hilo. Kwa mtu aingiaye akiwa na miaka 50, nyongeza kama hiyo ingekuwa neema na nakama pamoja: miaka miwili zaidi mwishoni, na miaka miwili ya kusimama foleni mwanzoni.

Tuseme basi nahodha wetu amefanikiwa, ukaazi umepatikana katika miaka mitatu, na ameingia shirika kubwa akiwa na miaka 50. Ana miaka 15 mbele yake. Mwaka wa kwanza rubani msaidizi wa shirika kubwa hulipwa zaidi ya dola 100 kwa saa ya kuruka. Akihesabiwa saa 75 kwa mwezi, ni kama dola 90,000 kwa mwaka, kabla ya kodi. Kuanzia mwaka wa pili malipo huruka juu, na huendelea kupanda kila mwaka hadi wa kumi na mbili. Nahodha wa ndege pana aliyefika kilele hulipwa zaidi ya dola 400 kwa saa, na shirika humwekea katika akiba ya uzeeni zaidi ya asilimia 15 ya mshahara juu ya hayo. Hizo dola 400 ndizo zinazozungumzwa mikutanoni. Lakini ndege pana ndizo zinazogombewa na wenye namba za juu, watu walioingia wakiwa na miaka 28 au 30 na ambao hawana haraka ya kutoka. Nahodha wetu, akiwa na bahati na kituo kisichopendwa, huenda akapata unahodha wa Boeing 737 au Airbus A320 baada ya miaka michache. Kiti cha kushoto cha 777, kile anachokikalia leo, huenda asikikalie tena maishani mwake. Kwa wengine hilo si neno. Kwa wengine ni msiba, na afadhali mtu ajijue yeye ni yupi kabla ya kuuza fanicha.

Yote hayo ni kwa dhana kwamba hali itakaa njema, nayo haikai. Baada ya Septemba 2001 maelfu ya marubani wa Marekani walisimamishwa bila ya mshahara, na wapo waliongoja miaka kabla ya kuitwa tena. United iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Desemba 2002, na mwaka 2005 mzigo wa pensheni zake ukabwagwa kwa wakala wa serikali, ambao hulipa hadi kiwango fulani tu. Waliotumikia miaka thelathini wakaona haki yao ikikatwa. Hata juzi, mwaka 2024, United ilisitisha kwa miezi miwili kuajiri marubani wapya kwa sababu Boeing ilichelewa kuleta ndege, na Spirit, iliyoingia katika ufilisi Novemba ya mwaka huo, ikawasimamisha marubani kwa mamia. Aliye chini ya orodha ndiye wa kwanza kutoka. Kijana wa miaka 30 husubiri. Mtu wa miaka 52 mwenye watoto chuoni hasubiri. Anatafuta kazi nyingine, na akiipata, anaanza tena mwisho wa orodha nyingine.

Kuhusu fedha, mengine ni mafupi. Ghuba mshahara haukatwi kodi ya mapato, na nyumba na karo mara nyingi hulipwa na shirika. Marekani kodi ya serikali kuu haikwepeki, ijapokuwa majimbo kama Texas na Florida hayatozi kodi yao ya mapato, na ndiyo maana marubani wengi hupanga maisha yao huko. Jambo ambalo wengi hulisahau: mwenye ukaazi wa kudumu hutakiwa kutangaza mapato yake ya dunia nzima, ikiwemo kodi ya nyumba za Nyali au Bamburi, na akaunti za nje zikizidi jumla ya dola 10,000 lazima ziripotiwe. Na nyumba kule hununuliwa kwa mikopo ya miaka 30 yenye riba. Ziko taasisi chache zinazotoa njia zisizo na riba, lakini si katika kila mji, na mwenye kulijali hilo alichunguze kabla ya kuchagua pa kuishi.

Maisha ya nyumbani ndiyo yanayostahili mazungumzo marefu zaidi. Rubani mwenye namba ya chini hachagui kituo. Huenda familia ikakaa Columbus, Ohio, ambako kuna jamaa wengi kutoka Afrika Mashariki, naye akapangiwa New York. Basi kila zamu huanza kwa yeye kuomba kiti kisicho na mtu katika ndege ya wenzake ili afike kazini, na usiku kulala katika chumba walichokodi marubani kadhaa, vitanda vya ghorofa. Siku hizo halipwi. Zipo sehemu ambako bahati na kituo hukutana: Detroit ni kituo kikubwa cha Delta, na pembeni yake kuna Dearborn, mji ambao Waislamu wake ni wengi, misikiti na maduka ya halali hayatafutwi kwa tochi. Minneapolis nako ni hivyo hivyo, na jamaa zetu Wasomali wamejaa. Lakini namba ndiyo itakayosema.

Sikukuu nazo zina kisa chake. Rubani huomba ratiba ya mwezi kabla mwezi haujaanza, na wenye namba kubwa huchukua kwanza. Krismasi na sikukuu ya Shukrani ya Novemba hunyakuliwa na wakongwe. Idi haigombewi na wengi, kwa hiyo rubani Muislamu aliye chini kabisa anaweza kuipata kwa urahisi wa kushangaza. Tatizo ni kwamba shirika lataka tarehe wiki kadhaa kabla, ilhali sisi mwezi twauandama usiku wa kuamkia. Wajanja huomba siku mbili mfululizo. Ndevu ni habari nyingine: mengi ya mashirika makubwa ya Marekani huwakataza marubani kuzifuga, kwa hoja ya kinyago cha oksijeni kushika vizuri usoni. Kwa baadhi ya ndugu zetu hilo si dogo, na haifai likagunduliwe siku ya kwanza ya darasa.

Na mama wa Kibokoni? Kutoka Ghuba hadi Mombasa ni saa tano au sita. Mtu akipigiwa simu ya msiba alfajiri, jioni yuko mazikoni. Ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways kati ya Nairobi na New York, iliyoanza Oktoba 2018, huchukua takriban saa 15, na huyo ni mtu ambaye tayari yuko New York na ambaye amepewa ruhusa. Tiketi za bure za wafanyakazi ni za kungoja nafasi. Msimu wa Desemba nafasi hakuna.

Baada ya kuyasema hayo yote, haki yataka tuseme kile ambacho Ghuba haitoi kwa bei yoyote. Ghuba mgeni ni mgeni hata akikaa miaka thelathini. Siku kazi inapokwisha, iwe kwa umri, kwa moyo kushindwa kupita kipimo cha daktari au kwa uamuzi wa ofisi, aila nzima hufunga mizigo. Katika Falme za Kiarabu vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi, hivyo rubani huyapokea masharti yanapobadilika. Marekani mkataba umeandikwa, una chama nyuma yake, na mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano. Watoto wake hawatahesabiwa wageni. Mke aliyesomea kazi yake akaiacha kwa sababu visa ya Ghuba ilimfunga kwa mumewe ataweza kuirudia. Hilo la mwisho halitajwi na wanaume mara nyingi, nami nimeona ndilo linalobadilisha uzito wa mizani katika nyumba nyingi.

Kwa mtazamo wangu, basi, aliye na miaka chini ya 42 na ambaye tayari ana haki ya kuishi Marekani, asikawie. Kila mwezi anaojadili, wenzake mia kadhaa wanaandikwa juu yake, na miezi hiyo hairudi. Aliyevuka 52 na yuko salama kazini, sioni kinachompeleka ila kama watoto wake wadogo ndio shabaha, naye yuko radhi kuwa ngazi yao. Nahodha wetu wa 47 yuko katikati, na jibu lake haliko katika jedwali la mishahara. Liko katika tarehe ya kuzaliwa ya mtoto mkubwa, katika afya ya mama, na katika jibu la mkewe atakapoulizwa kwa dhati, si kuarifiwa. Waistikhiri, washauriane, waandike tarehe hizo kwenye karatasi moja.

Na wakiamua kwenda, utaratibu ufuatwe kwa mpangilio wake. Ombi la ukaazi litangulie, naye aendelee na kazi yake Ghuba kama kawaida. Vyeti vya saa zake za kuruka avikusanye mapema, vilivyopigwa mihuri na kila shirika alilofanyia kazi, kwa maana shirika likishafungwa ofisi yake haijibu barua. Kozi na mtihani wa kuandika avifanye katika likizo. Barua ya kuacha kazi iwe ya mwisho kabisa, baada ya visa kugongwa katika pasipoti zote tano za familia na baada ya shirika la Marekani kumpa tarehe ya kuanza darasa. Hata hapo ahesabu muda wa notisi na malipo yake ya kumaliza utumishi, na aache miezi sita ya matumizi ya nyumbani katika benki, kwa kuwa darasa lililopangwa Juni limewahi kusogezwa mbele, na mwenye nyumba wa Dallas au Detroit hasogezi kodi.